Raba za Mama Mujibu

Bi Sikuzani, ambaye watu wengi wa kijiji cha Mnyambe, huko Newala, walimwita Mama Mujibu, alikuwa mwanamke wa kutembea. Kazi yake ndiyo iliyomtaka hivyo. Alikuwa fundi wa kubebesha mikorosho. Mkorosho uliozeeka ukikatwa na kisiki kikachipua upya, yeye huchagua machipukizi yenye nguvu, akayapasua kwa kisu chake kidogo, akapachika vikonyo, yaani vijiti vichanga, vya mti mwingine unaozaa vizuri, kisha akafunga kwa utepe wa nailoni taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda. Alijifunza kazi hiyo zamani kwenye semina ya mabwana shamba, akaishika kwelikweli, na tangu hapo wenye mashamba kuanzia Mnyambe hadi Chilangala wakawa wanamwita. Bodaboda humfikisha mtu barabarani tu. Mkorosho ulio katikati ya shamba hufikiwa kwa miguu. Naye alikwenda kwa miguu, kikapu kichwani, ndala zikimpiga visigino pwa, pwa, pwa juu ya mchanga mwekundu.

Mwanawe wa pekee, Mujibu, alikuwa dereva wa lori na nyumbani alikuja kwa nadra. Alipooa, alimleta mkewe aishi na mama yake. Mke huyo ni Faidha, binti wa Lisekese kule Masasi, fundi cherehani, mpole wa maneno. Mwaka wa kwanza Faidha alimwogopa mama mkwe wake kama mtu anavyomwogopa mwalimu mkuu. Hakumwogopa kwa ukali, maana Bi Sikuzani hakuwa mkali. Alimwogopa kwa sababu hakuwahi kumwona amekaa bure, wala kumsikia akilalamika, na mtu asiyelalamika hujui utamsaidia wapi.

Hakuna aliyemwambia Faidha kwamba mama mkwe wake anaumwa. Aliligundua mwenyewe asubuhi moja alipokuwa akikoka moto. Mlango wa chumba cha Bi Sikuzani ulikuwa wazi kidogo. Alimwona mama yule anaketi ukingoni mwa kitanda, anashusha mguu wa kulia, anaugusisha sakafuni, halafu anauinua haraka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akashika ukuta. Akaenda hivyo hivyo kwa ncha za vidole, uso umemkunjamana, mpaka mlangoni. Alipotoka uani alikuwa amenyoosha mgongo na uso wake umetulia.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, shikamoo mama."

"Marahaba."

Maji yalipochemka tayari alikuwa anatembea kama kawaida, na Faidha akadhani labda macho yake yalimdanganya. Lakini kesho yake akachungulia tena, akaona yale yale. Akaanza kuunganisha mambo. Ile chumvi iliyokuwa ikiisha upesi, kumbe ni ya kukandia mguu kwa maji ya moto. Ule wembe mpya juu ya kabati, kumbe jirani yao Shakila alikuwa ameuleta kuchokonolea kisigino, akiamini kuna mwiba umezama humo. Walichimba mpaka damu ikatoka, mwiba hawakuuona.

Siku iliyovunja ukimya ilikuwa siku ya shamba la Mwalimu Filemoni, huko Chilangala. Mzee huyu alikuwa mwalimu wa zamani na mzee wa kanisa, na shamba lake lilikuwa la mikorosho iliyopandwa na marehemu baba yake. Faidha alifuatana na mama mkwe wake kumsaidia kubeba vikonyo, vilivyofungwa katika kitambaa chenye majimaji visikauke. Walifanya kazi vizuri tangu asubuhi. Mchana Mwalimu akawaletea ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha na chai, wakakaa kivulini wakala na kuzungumza.

Kilichofuata Faidha hakukisahau. Bi Sikuzani alipotaka kusimama, mguu ulikataa. Alijaribu mara ya pili, akashika shina la mti, akasimama, akapiga hatua moja, akaurudia mti. Mwalimu Filemoni akainuka haraka.

"Mama Mujibu, basi. Kilichobaki utakuja kukimalizia siku nyingine."

"Vikonyo havilali, Mwalimu," alijibu. "Kesho vitakuwa vimekauka, na umeshakata mikorosho yako kwa sababu yangu."

Akapiga magoti. Akatambaa kutoka kisiki kimoja hadi kingine, kanga imejaa mchanga, kisu mkononi, na kila chipukizi alilipasua na kulifunga kwa utulivu ule ule wa asubuhi. Faidha alimfuata na kitambaa cha vikonyo, machozi yakimlenga. Mwalimu Filemoni alivua kofia yake akasimama pembeni, kama mtu aliye ibadani. Kazi ilipokwisha akawaitia bodaboda.

Nyumbani, kabla ya magharibi, Faidha alikusanya ujasiri wake wote akaenda kuketi mkekani mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, naomba kusema neno."

"Sema."

"Mguu huo si wa mwiba. Twende hospitali Masasi."

Bi Sikuzani alitazama pembeni. Kisha akasema polepole, "Wataniambia nisitembee."

Hapo ndipo Faidha alipoelewa. Kumbe mama yule hakuwa akificha maumivu kwa ushupavu peke yake. Alikuwa na hofu. Kwa miguu hiyo alimlea Mujibu baada ya baba yake kufariki. Kwa miguu hiyo alijulikana. Kumwambia asitembee kulikuwa sawa na kumwambia asiwe mtu.

"Huenda wakasema hivyo," Faidha alijibu, "na huenda wasiseme. Lakini leo umetambaa, mama. Nimekuona."

Mama mkwe akamtazama. "Cherehani yako utamwachia nani?"

"Itanisubiri."

"Haya. Twende."

Gari la asubuhi liliwashusha kutoka nyanda za juu za Newala, baridi ya huko ikabaki nyuma, na kabla jua halijawa kali wakaanza kuyaona majabali ya Masasi. Hospitalini walielekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja wa makamo aitwaye Winfrida, mwenye sauti ya chini na mikono yenye nguvu. Aliuliza maswali kwanza, akasikiliza majibu yote, kisha akaushika mguu wa Bi Sikuzani akabonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani. Bi Sikuzani alifumba macho.

"Hapo?"

"Hapo hapo."

"Na hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote? Na ukikaa kitako muda mrefu kisha ukainuka?"

Bi Sikuzani alimgeukia Faidha, akidhani ndiye aliyemwambia mtaalamu. Faidha akatikisa kichwa.

Winfrida akaeleza. Chini ya unyayo, alisema, kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni mpaka kwenye vidole, kama uzi wa upinde. Mtu akitembea sana bila kitu cha kumtegemeza, ule uzi huvutwa na kuvutwa hadi ukachubuka pale ulipojishikiza kwenye kisigino. Usiku hujikunja, asubuhi ukiukanyaga ghafla, unalia.

"Sasa nisitembee?" Bi Sikuzani aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nani kasema? Utapunguza kwa muda, hutaacha. Nitakufundisha kunyoosha shavu la mguu ukiegemea ukuta, na kuviringisha chupa ya maji ya baridi chini ya unyayo. Lakini kwanza nipe hizo ndala zako."

Alipewa. Akaikunja moja kwa vidole viwili mpaka ncha ikagusa kisigino. Mahali pa kisigino palikuwa pamelika pakabaki pembamba kama ganda la muhogo.

"Hii ndiyo inayokubeba Newala nzima?"

Bi Sikuzani alicheka kwa aibu, na Winfrida naye akacheka, kisha akavua kiatu chake mwenyewe akakiweka mezani. Akamwonyesha: "Bonyeza hapa nyuma, panaposhika kisigino. Pasibonyee kama mkate. Sasa kikunje, kinakunjikia hapa mbele tu, kwenye vidole, kama mguu wenyewe unavyokunjika. Kikikunjikia katikati, rudisha. Kisha kikamue kama nguo mbichi. Kikikubali kukamuliwa, rudisha pia. Ndani, hapa kwenye uvungu wa unyayo, pawe na kilima kidogo. Kisigino kiwe juu kidogo kuliko vidole, si kama kiatu cha harusi, kidogo tu. Na vidole vipate nafasi ya kucheza."

"Na jina lake?" Faidha aliuliza. "Tutafute cha kampuni gani?"

"Msitafute jina. Jina limeandikwa ubavuni, kisigino kinakaa ndani. Mkatafute mchana, mkiwa mmeshatembea, miguu imejaa. Na kama ni mtumba, kiwekeni mahali tambarare mkitazame kwa nyuma. Ikiwa aliyekivaa kwanza alikilalia upande mmoja, kitamlaza na mama upande huo huo."

Mchana huo, kutoka hospitalini, waliingia kwanza kwenye duka la viatu vipya. Binti wa dukani aliwaletea viatu bapa vya kike, vya kumetameta, laini mno. Bi Sikuzani alikipokea kimoja kwa heshima, akakikamua. Kikajisokota kama unga wa chapati. Akakirudisha kwa heshima ile ile. Akaletewa vya ngozi, vizito, vya wazee; hivyo havikukunjika popote, si mbele wala katikati, kama vimechongwa kwa ubao. Akashukuru, wakatoka.

Kwenye meza za mitumba walimkuta muuzaji aitwaye Tahiri, kijana wa maneno matamu.

"Karibu mama yangu. Hiki hapa kimetoka ng'ambo, ukikivaa utasahau umri."

"Umri wangu sitaki kuusahau, baba," alisema Bi Sikuzani, "nimeupata kwa taabu." Akakichukua kiatu, akabonyeza nyuma. Kikabonyea. Akakiweka chini.

Faidha alisimama kando akamtazama, na kadiri alivyomtazama ndivyo moyo wake ulivyojaa. Alikuwa ameiona mikono ile ikichagua vikonyo: inashika, inapima, inageuza upande wa pili, inakataa bila hasira. Sasa ilikuwa inachagua viatu kwa namna ile ile. Kimoja kilikuwa kigumu nyuma lakini kimelika upande wa nje. Kingine kilikuwa sawa kwa kila hali, ila Faidha, kwa jicho lake la fundi, aliona soli imegundishwa upya kwa gundi mbichi, uzi hakuna. Kingefika shamba la pili kikafungua mdomo. Raba nyeusi zilizowapendeza wote wawili zilipita kila kipimo, lakini Bi Sikuzani alipozivaa na kutembea, kisigino kilipanda na kushuka ndani. Akazivua.

Mwanzoni Tahiri alinung'unika kwamba wanamkunjia bidhaa. Mwishowe akaacha kupiga makelele ya biashara, akapiga goti kwenye robota lake la viatu, akawa anatafuta pamoja nao, na kabla ya kumpa mama kiatu alikikamua kwanza yeye.

"Kuna hizi," alisema hatimaye, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kusifia. "Ila sijui, mama. Rangi yake."

Zilikuwa raba za mazoezi, za rangi ya embe lililoiva kupita kiasi, zenye michirizi ya waridi. Msichana wa shule angeona haya kuzivaa barabarani. Bi Sikuzani alizitazama. Akabonyeza nyuma: pamekaza. Akakunja: zikakunjika mbele. Akakamua: zikakataa. Tahiri akaziweka juu ya ubao, wote watatu wakainama kuzitazama kwa nyuma kama watu wanaotazama mizani. Zilisimama wima.

Bi Sikuzani aliketi kwenye kigoda kuzivaa, lakini hakuwahi kuvaa kiatu cha kufunga kamba maishani mwake. Faidha akapiga magoti mbele yake. Mama mkwe akauvuta mguu.

"Acha, mwanangu. Miguu yangu mibaya."

Ilikuwa na magaga marefu, meusi, yaliyoingia ndani kama nyufa za ardhi ya kiangazi. Kulikuwa na kovu la jembe, na ukucha mmoja ulikuwa umekufa zamani. Pale pale kisiginoni palikuwa na alama za wembe wa Shakila. Faidha aliushika mguu ule kwa mikono miwili, akaukung'uta vumbi kwa pindo la kanga yake mwenyewe, akauingiza kwenye kiatu, akafunga kamba isibane wala isilegee. Kisha wa pili. Alipoinua uso, Bi Sikuzani alikuwa anatazama mbali, kuelekea kwenye majabali.

Akasimama, akaenda. Alipita katikati ya meza za mitumba, akavuka mahali penye kokoto, akafika barabarani, akageuka, akarudi. Alikwenda tena. Watu waligeuza shingo kumtazama mama mzima mwenye kanga na mtandio akitembea na viatu vinavyowaka. Yeye hakumtazama mtu. Alikuwa anausikiliza mguu.

"Kisigino kimekaa," alisema aliporudi. "Mahali pale pamebebwa."

"Naweza kuzipaka rangi nyeusi," Tahiri alisema. "Hata leo hii, mama."

"Kisigino kina macho?"

"Hakina."

"Basi ziache."

Kijijini, kama ilivyotegemewa, maneno yalikuwepo. Kwenye bomba la maji mama mmoja alimuuliza kama ameandikishwa mbio za wanafunzi. Bi Sikuzani akamjibu kwamba ameandikishwa, na mpinzani wake ni mkorosho, na mkorosho haujawahi kumshinda. Wakacheka pamoja naye, na cheko likaisha, kwa sababu ni vigumu kumcheka mtu ambaye hajakasirika.

Kilichokuwa kigumu hakikuwa watu. Wiki zilipita na maumivu hayakuondoka. Yalipungua, yakarudi, yakapungua tena. Siku moja alisahau, akashuka kitandani peku kumfukuza mbuzi aliyeingia uani, na kisigino kikawaka upya hata akashinda ndani. Jioni Faidha alimkuta amezisukuma raba chini ya kitanda.

"Nimechoka na kitu hiki," alisema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Faidha kumsikia akilalamika. "Nimevaa, nimenyoosha, nimeviringisha chupa kama mtoto mchezoni. Kwa nini hakiponi?"

"Mtaalamu alisema ni mambo ya miezi, mama."

"Miezi mingapi?"

"Hakusema. Lakini kikonyo ukishakifunga, unakifungua kesho yake kuona kama kimeshika?"

Bi Sikuzani akamtazama mkwe wake aliyekuwa mpole wa maneno. Halafu akacheka, cheko la chini, la tumboni.

"Umeanza kunijibu."

"Samahani, mama."

"Usiombe samahani. Zitoe hizo raba huko chini."

Tangu siku hiyo zilikaa kando ya kitanda, kamba zimelegezwa, ili mguu usiguse sakafu kabla ya kiatu. Na kwa kuwa Winfrida alitaka kutembea kupunguzwe, na wenye mashamba hawakupunguza kuita, ikabidi kazi igawanywe. Bi Sikuzani akamkalisha Faidha uani na rundo la vijiti na kisu, akamfundisha kupasua. Vijiti vya kwanza vilikatika, vingine vilipasuka kombo. Mkono wa fundi cherehani ulijua kufunga lakini haukujua kukata kitu chenye uhai. Faidha alikata kidole, akafunga, akaendelea, maana alikuwa amemwona mwalimu wake akitambaa mchangani na hakuona kwa nini yeye aache kwa sababu ya kidole.

Miezi ikapita, na maumivu nayo yakawa yanakwisha kwa namna yake, bila kuaga. Hayakwisha yote. Siku za baridi kali kisigino kilikumbusha kidogo, na Bi Sikuzani alikubali kwamba barabara ya lami ni ya bodaboda na miguu yake ni ya mashamba. Lakini alitembea tena, na kitu alichokiogopa hakikutokea.

Kundi moja la wanawake wa Newala mjini, wenye shamba la pamoja karibu na ukingo wa mteremko unaotazama bonde la Ruvuma, wakamwita aje awafundishe kubebesha. Walikwenda wote wawili, kukiwa na upepo mkali na ukungu bado bondeni. Bi Sikuzani alilizunguka shamba zima kwanza, kisiki kwa kisiki, na raba zile za embe, zilizokwisha kufifia kwa vumbi jekundu, zikawa zinaonekana kwa mbali katikati ya majani. Wanawake walimfuata nyuma. Mmoja, aliyekuwa anachechemea, alimuuliza kwa kunong'ona habari za viatu, naye akasimama pale pale akakivua kimoja, akampa akikamue.

Kisha wakakusanyika kwenye kisiki chenye machipukizi mazuri. Wote wakamtazama Bi Sikuzani, wakisubiri akitoe kisu. Alikitoa, akakifuta kwa kanga, akamkabidhi Faidha.

Faidha alikipokea. Akachagua chipukizi, akalikata, akalipasua katikati, akachonga kikonyo pande mbili, akakipachika gamba kwa gamba, akaanza kufunga nailoni kutoka chini kwenda juu. Akakaza fundo.

"Huyu ni mkweo, Mama Mujibu?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Ni fundi mwenzangu," alisema Bi Sikuzani, akaondoka kuelekea kisiki kilichofuata.